Siku Trakta Iliposimama Wima

Baraka, Fizi
mvua za kwanza

Papa wangu,

Natumaini karatasi hii inakukuta umekaa nje ya nyumba, mguu wako wa maumivu umetulia juu ya kigoda, na Mama yuko karibu anakuuliza nimesema nini kabla hujamaliza mstari wa kwanza. Mwambie kwanza kwamba niko mzima. Niko na mikono yangu miwili, miguu yangu miwili, na ninakula. Nimeanza na hilo kwa sababu habari inayofuata ni nzito, na sitaki moyo wake ukimbie mbele ya maneno.

Habari za Kindu? Kifua cha Bibi kimepata nafuu, au bado anakohoa asubuhi? Nyumba ya jikoni mliiezeka kabla ya mvua? Nauliza maswali na najua majibu yatachelewa, lakini nikiyaandika naona kama niko hapo uwanjani, nawasikia mkijibu wote kwa mara moja.

Kama mlinipigia simu ikakataa kulia, msinikasirikie. Simu yangu iko chini ya tope la bonde la Mutambala na hakuna mtu atakayeitafuta. Barua hii nampa dereva wa pikipiki anayekwenda Kabambare, naye ataikabidhi kwa wenzake wa Kasongo. Ikifika imekunjamana, ujue imetembea sana.

Papa, nimeona trakta ikisimama wima kama mtu. Nimeiona kwa macho yangu, mchana, jua linawaka. Hata sasa nikifumba macho naona tumbo lake la chini, lile linalojaa grisi na udongo, ambalo fundi analiona tu akilala chali chini yake. Mimi niliona tumbo hilo likiangalia mbele, magurudumu madogo yakizunguka juu hewani. 

Acha nikueleze vizuri, maana wewe umezeeka katika karakana ya reli na utaelewa.

Unajua nilikuja huku kufanya kazi na chama cha bamama wakulima. Wanaume wengi wa hapa wako Misisi kwenye mashimo ya dhahabu, na mashamba yamebaki mikononi mwa bamama na jembe la mkono. Mwaka huu walikubaliana kukodi trakta ya mfanyabiashara mmoja wa Uvira, pamoja na charrue yake, yaani jembe kubwa la chuma lenye sahani tatu zinazozunguka na kupindua udongo. Dereva ni Papa Asukulu, mtu wa Kazimia, mrefu, mwenye utani mwingi, aliyeendesha malori miaka yote kabla ya kupanda trakta. Mimi kazi yangu ni kufunga ile charrue, kuipima na kuirekebisha kulingana na shamba. Nalala kwa Mama Apolina, kiongozi wa chama. Ni mwanamke mfupi, sauti kubwa, na ananiita mutoto yangu hata mbele ya watu wa serikali.

Tulianza na mashamba ya kando ya ziwa, ya karanga na muhogo. Pale udongo ni mchanga mtupu, mwepesi, na trakta ilikuwa inazama pua. Basi niliondoa vile vyuma vizito vinavyofungwa mbele ya trakta, nikashusha sahani ziingie chini sana na kuzifungua pembe, kwa sababu mchanga haukatai kitu. Kazi ilikwenda kama wimbo. Bamama walikuwa wanatembea nyuma yetu wanacheka, wanaokota mizizi, wanamwambia Papa Asukulu akimaliza shamba aingie na ziwani alime maji.

Kisha tukahamia bondeni, kwenye mto Mutambala, kulima mashamba ya mpunga.

Papa, ule udongo ni kitu kingine. Ni mweusi, unanata, ukiukanyaga unakuvua kiatu. Nilichukua konzi moja, nikaiminya, nikaiviringisha katikati ya viganja. Ikatoka kamba ndefu, inang'aa kama sabuni. Nikamwonyesha Papa Asukulu.

"Hapa tukilima leo tutafinyanga vyungu," nikamwambia. "Tuache maji yashuke kwanza. Na ile charrue haiwezi kubaki vile ilivyokuwa kwenye mchanga. Sahani ziende juu, vile vyuma vya mbele virudi, na vyuma vya kukwangua tope vikaribie sahani."

"Njo vile," akakubali. "Enda ulete ile vyuma Baraka. Mi nabaki na hawa bamama, nawapigia hadithi."

Alisema kweli, nia yake ilikuwa kungoja. Sitaki mtu yeyote huko amwite mjinga. Nilipoondoka alikuwa amekaa chini ya kivuli cha trakta anakula muhogo.

Lakini mbegu za mpunga zilikuwa zimelowekwa tayari. Bamama walikuwa wamezileta katika magunia mabichi, na zilikuwa zinaanza kutoa meno meupe. Mbegu ikishatoa meno haikungojei. Na upande wa milimani wingu likapanda, jeusi, na mmoja akasema mto ukijaa usiku hakuna shamba la kupanda tena. Hayo yote nimeyasikia baadaye. Hakuna aliyemlazimisha. Walimtazama tu, na magunia yao miguuni, na yeye ni mtu mwenye moyo. Akasema ajaribu mstari mmoja.

Charrue ikazama. Ilikuwa bado imepimwa kwa mchanga, sahani zote chini, basi ikaingia tope mpaka kwenye fremu na ikakaa humo kama jino katika ufizi. Trakta ikawa inachimba magurudumu tu. Papa Asukulu akaifungua charrue, akaiacha pale, akasogeza trakta mbele mpaka udongo mgumu kidogo wa tuta, akachukua mnyororo aivutie charrue. Sasa sikiliza, Papa, hapa ndipo utashika kichwa. Ile ndoano ya chini, nyuma ya trakta, ambako mnyororo unatakiwa kufungwa, ilikuwa imejaa tope gumu, haionekani. Akafunga mnyororo juu. Kwenye kile chuma cha juu, pale ambapo mkono wa tatu wa charrue unashikwa. Juu ya ekseli.

Wewe umeshajua.

Mimi nilikuwa nashuka njia ya bonde, nyuma ya pikipiki, vile vyuma vizito viko mapajani mwangu, miguu imekufa ganzi. Nikaona trakta mbali, ndogo, rangi yake nyekundu. Nikaona mnyororo umenyooka. Nikasikia anaongeza moto, moshi mweusi ukatoka. Nikajua. Sijui mwili ulijuaje kabla ya akili, lakini nilimpiga dereva wa pikipiki mgongoni, nikapiga kelele, "Hapana! Hapana!" kama vile Papa Asukulu angenisikia kutoka kule.

Magurudumu ya mbele yakaacha ardhi. Polepole, Papa. Nilidhani yatarudi. Kisha si polepole tena. Trakta ikapanda, ikasimama wima juu ya magurudumu makubwa, pua imeelekea mbinguni, nikaona lile tumbo, na yeye nikamwona amelala chali kwenye kiti, ameshika usukani kama mtu anayening'inia kwenye tawi. Halafu ikamwangukia.

Hakukuwa na mshindo. Hilo ndilo linanitesa. Kitu kizito vile kinaanguka na sauti inayotoka ni kama mtu amepiga unga kwa kofi. Tope lilimeza sauti. Na injini haikuzimika. Ilibaki inanguruma, miguu juu, magurudumu makubwa yanazunguka hewani, bamama wote wamesimama na mikono kichwani, hakuna hata mmoja aliyelia. 

Nilikimbia. Ndipo simu iliponitoka mfukoni, nadhani. Kitu cha kwanza niliingiza mkono nikavuta waya wa kuzima, kwa sababu mafuta yalikuwa yanadondoka na bomba la moshi lilikuwa linaunguza majani. Injini ikafa. Na katika kile kimya tukasikia sauti kutoka chini.

"Nani ananikalia kwa kifua?"

Mama Apolina akaanguka magotini. "Eko muzima! Bamama, eko muzima!"

Nililala chini nikatazama. Lile tope ambalo lilikuwa limetushinda ndilo lililomwokoa. Kiti na vile vyuma vipana vinavyofunika magurudumu ya nyuma vilikuwa vimeingia ndani ya udongo, na katikati yao kulikuwa na nafasi, kama kaburi lenye kina kifupi, na yeye yuko humo. Usukani umemkalia tumboni. Mguu mmoja sikuuona. Na kichwa chake kilikuwa katika mfereji ambao magurudumu yalichimba, na maji yalikuwa yanarudi kwenye mfereji ule, kidogo kidogo, yamefika sikioni.

Mama Apolina alilala kifudifudi katika tope, na kitenge chake kizuri, akaingiza mkono wote mpaka begani, akashika kidevu cha Papa Asukulu akakiinua. Akakaa hivyo. Hakutoa ule mkono mpaka mwisho. Wengine wakashika majembe, na wa kwanza alipoinua lake juu, Mama Apolina akapaza sauti bila kugeuza kichwa, "Jembe hapana huku kwa kichwa! Mikono! Majembe pale kwa miguu!"

Wakachimba. Papa, sijawahi kuona watu wanachimba vile. Kwa vidole, kwa sahani za chakula, kwa bakuli la plastiki. Lakini mimi niliona hatari nyingine: tukitoa udongo chini yake, trakta nayo itashuka. Nilitafuta kitu cha kuitegemeza na sikuona jiwe hata moja, bonde lile halina mawe. Kisha nikakumbuka vile vyuma vizito nilivyoleta. Dereva wa pikipiki akavikimbilia, tukavipanga chini ya vile vifuniko vya magurudumu, huku viwili, kule viwili, na chini yake mbao za mlango wa kibanda cha kufukuzia ndege. Trakta ikalia, ikashuka kidogo, ikasimama.

Ilikuwa bado inataka kulalia upande. Pale juu ya barabara kulikuwa na wachungaji wawili wa milimani, Wanyamulenge, wanashusha ng'ombe kwenda sokoni. Wewe umesikia habari za vita vya huku kati yao na majirani zao, najua redio inawafikia. Siku nyingine tungepitana nao bila salamu, wao macho chini, sisi macho pembeni. Mzee kati yao aliona, akaacha ng'ombe wake pale pale barabarani, akashuka mbio na kamba za ngozi begani. Hakuuliza ni nani yuko chini. Aliniuliza tu, "Tufunge wapi, dada?"

Nikamwonyesha. Wakafunga kwenye ekseli ya mbele, wakajiegemeza nyuma na visigino vyao topeni, wakashika. "Si kuvuta," nikawaambia. "Kushika tu. Msivute." Wakashika. Na bamama wengine wakaja nyuma yao wakashika kamba ile ile.

Huko chini Papa Asukulu alikuwa anaongea. Mama Apolina alikuwa anamwambia aongee, asilale.

"We Asukulu, sema jina ya muke yako."

"Nyassa."

"Na watoto?"

Akawataja. Kisha akafumba macho, na Mama Apolina akampiga kofi dogo shavuni kwa vidole. Akafungua macho, akaniona mimi.

"Sifa. Charrue ilitoka?"

Papa, nilicheka. Nililia na nilicheka, sijui kipi kilikuwa kipi. Charrue haikuwa imetoka hata kidogo. Iko pale pale.

Tulimtoa wakati lile wingu limeshafika na matone makubwa yanaanza kupiga bati la trakta. Alitoka kama mtoto anavyozaliwa, kichwa na mabega kwanza, amepakwa tope mwili mzima, na alipotoka maji yakajaza lile shimo papo hapo. Tulilitazama shimo likijaa. Yule mchungaji mzee aliachia kamba, akatazama viganja vyake vilivyochubuka, akavua kofia yake. Kisha akapanda juu kutafuta ng'ombe wake katika mvua. Jina lake sikuuliza, na hilo linaniuma.

Tukafanya kipoyi, yaani machela, kwa fito mbili za mianzi na vitenge vyetu, changu pia, tukambeba mpaka barabarani, na kutoka pale gari la mtu wa samaki likamfikisha hospitali ya Baraka. Mfupa wa paja umevunjika, nyonga imepasuka. Daktari alisema atatembea, lakini si upesi na pengine na fimbo. Daktari huyo alimshika mguu, akatutazama sisi tuliojaa tope mpaka nyusi, akauliza, "Trakta nzima?" Tukamwambia ndiyo, nzima. Akatikisa kichwa, akauliza tena.

Siku zilizofuata nilikuwa kama mtu aliyepigwa. Mtu akifunga mlango naruka. Nikishika ufunguo wa nati, vidole havikazi. Mama Apolina alinipa uji, nikaushika mpaka ukapoa. Naye mwenyewe ule mkono aliomshikia kidevu ulivimba akawa hawezi kuinua sufuria, na alikuwa anautazama kama mkono wa mtu mwingine.

Kisha akafika mke wa Papa Asukulu kwa mtumbwi wa injini kutoka Kazimia. Mama Nyassa ni muuza samaki, mwanamke wa maneno machache. Nilimwogopa. Alikaa na mume wake, akamlisha, akamfuta, kisha akatoka nje kwenye ukumbi wa hospitali, akaniita.

"Banasema mashini ilisimama. Mashini haina mapenzi yake, haisimamake bure. Ni nini iliisimamisha? Nionyeshe."

Nikachukua kigoda cha mbao. Nikachana kipande cha kitambaa changu cha kichwa, nikafunga juu ya kigoda, nikampa ncha nyingine ashike imara karibu na sakafu. Nikasukuma kigoda mbele kwa chini, polepole, kama magurudumu yanavyosukuma. Kigoda kikainua miguu ya mbele, kikaanguka nyuma, juu ya mguu wake. Akashtuka, akakivuta mguu kama umeungua.

Nikafunga tena, safari hii chini kabisa, kwenye ubao wa miguu. Nikasukuma. Kigoda kikakaza miguu sakafuni, kikakataa kwenda, lakini hakikuanguka.

Akagusa fundo la kitambaa kwa kidole. "Ni ile tu?"

"Ni ile tu, Mama."

"Juu na chini. Kiasi hiki." Akapima kwa kiganja chake. Ndipo alipolia, Papa. Mpaka hapo hakuwa amelia. Alilia kwa sababu ya udogo wa kile kipimo. Mimi pia ndicho kitu kinachonikalia rohoni. Kitu cha urefu wa kiganja, na mtu mzima mwenye watoto anaingia chini ya chuma.

Bamama wakakutana katika uwanja wa kanisa. Wengi walitaka trakta irudi Uvira siku ile ile. Mmoja alisema afadhali mgongo wake uvunjike polepole kwa jembe kuliko kuvunjika mara moja. Mimi nilikuwa upande wake. Lakini Mama Nyassa alikuwa amekuja pia, mgeni, akaomba neno. Hakusema mengi. Alileta kile kigoda kutoka hospitali, akakifunga kama nilivyomfundisha, akawaonyesha. Akawaita mmoja mmoja waje wasukume wenyewe. Vicheko vya woga vikatoka, kisha vikakoma. Mwanamke wa mwisho alipoinuka, Mama Apolina akauliza, "Basi nani ataendesha?"

Wote wakanitazama.

Nikasema hapana. Nikasema mimi ni fundi, si dereva. Ilikuwa kweli nusu, maana wewe unajua naendesha.  Asubuhi nilikwenda hospitali, nikamwambia Papa Asukulu yote, nikitumaini atanikataza. Alikuwa na mguu wake umefungwa juu kwa kamba na jiwe.

"Unaogopa?" akauliza.

"Sana."

"Mi sikuogopa," akasema. "Utaendesha muzuri kunipita."

Basi. Vijana wa jirani walisaidia kuigeuza trakta, kwa kamba na kwa subira. Nilifanya kama ulivyonifundisha kwa zile injini zenu: sikuwasha. Mafuta ya injini yalikuwa yamemiminika juu ya pistoni, na ingewashwa vile vile ingejivunja mifupa. Nilitoa sindano za mafuta, nikaizungusha kwa mkono mpaka ikatema yote, nikasafisha, nikajaza upya. Nilipoiwasha ilikohoa moshi mweupe kama Bibi anavyokohoa, kisha ikatulia.

Charrue nayo tuliichimba, hatukuivuta. Nilipandisha sahani, nikaweka gurudumu lake dogo la nyuma lizizuie zisishuke tena zaidi ya urefu wa shubiri. Nikapunguza pembe zisiume sana. Vyuma vya kukwangua nikavisogeza mpaka karatasi tu inapita katikati. Vile vizito nikavifunga mbele vyote, vingine bado vina tope la siku ile kwenye mashimo yake, sikuweza kulitoa. Ile ndoano ya chini nikaisafisha kwa patasi na kuipaka rangi nyeupe, ionekane hata na mtu mwenye haraka. Na kile chuma cha juu nikakifunga kamba nyekundu, kila mtu wa chama anajua maana yake.

Kisha tukangoja. Kila asubuhi mama mmoja alileta konzi ya udongo, tukaiminya. Zile mbegu zilizotoa meno zilikuwa zimekufa, tukala hasara hiyo, na wakaloweka nyingine kidogo zilizobaki. Mto haukujaa. Wingu lile lote, Papa, na mto haukujaa. Siku ambayo ule udongo ulikatika mkononi badala ya kutoa kamba, Mama Apolina alinitazama, nami nikapanda kitini.

 Nililima mstari wa kwanza kwa mwendo wa mtu anayetembea kilioni. Udongo ulipinduka, mweusi, umevunjika vizuri, hautoi mabamba yanayong'aa kama sabuni. Mstari wa pili, wa tatu. Nilianza kupumua.

Katika mstari wa nne nikapanda lile tuta ambalo Papa Asukulu alikuwa amesimamisha trakta juu yake. Sikulikumbuka. Gurudumu la mbele likapanda tuta, likainuka kidogo, kimo cha kikombe, likashuka. Ilikuwa si kitu. Lakini nikakanyaga klachi, nikasimamisha kila kitu, nikageuka nyuma.

Bamama wote walikuwa wametupa vikapu vyao vya mbegu. Mbegu ya mwisho, Papa, imemwagika shambani. Nilidhani wanakimbia kuniogopa. Kisha nikaona wanakimbilia wapi. Walikuwa wanakuja kwangu, wote, mikono imenyooka mbele na vidole vimefunguliwa, Mama Apolina mbele yao na ule mkono wake uliovimba, tayari kuchimba.

Nikawapungia mkono kwamba niko salama. Walisimama pale walipofika. Wakarudi, wakapiga magoti, wakaanza kuokota mpunga punje kwa punje kutoka kwenye mifereji, na mimi nikangoja mpaka wa mwisho alipoinuka, ndipo nikaachia klachi.

Nisalimie Mama, mkono wake unibusie. Nisalimie Bibi, mwambie anywe ile dawa asiifiche chini ya kitanda. Yaya Amuri, kaka yangu mkubwa, mwambie asiombe kuja huku kunichukua, kazi haijaisha. Shangazi Feza, dada yako, mwambie kitenge alichonipa kilifaa, hata kama sasa hakifai tena kuvaliwa. Na wazee wenzako wa karakana ya zamani, wanaokaa nawe jioni, wasomee ile sehemu ya mnyororo.

Nakuwekea mkono begani kutoka huku mbali, Papa.

Binti yako,
Sifa